Kumchagua kiongozi: tuangalie haiba yake au mahitaji yanayomsukuma?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, naomba mchango wenu katika jambo linalonikosesha utulivu, kwa sababu uamuzi wake utawagusa watu wengi ambao hawataulizwa.

Kiongozi wa idara yetu anakaribia kustaafu, na wakubwa wameniomba maoni ya maandishi kuhusu wenzangu wawili ambao mmoja wao atakabidhiwa timu. Wa kwanza ni mchangamfu. Kikao kikipoa, yeye ndiye hukiamsha. Anawajua watu wote kwa majina pamoja na hali za familia zao, na ukiwauliza wafanyakazi leo wamtaje kiongozi wao ajaye, wengi watamtaja yeye bila kusita. Wa pili ni mkimya. Kazi yake haina doa, hachelewi, na jambo likitaka kuharibika huwa ameshaliona kabla ya wengine, lakini kikaoni husema machache na hana mazoea ya kupita meza kwa meza akisalimia.

Kama ningeangalia hayo tu, ningeandika jina la wa kwanza na kumaliza. Kinachonizuia ni visa viwili nilivyovishuhudia. Yule mchangamfu aliwahi kusimamia mradi kwa muda, na mmoja wa wasaidizi wake akamwomba ruhusa katika wiki ambayo kila mtu alihitajika. Akampa. Mwingine alipoomba akapewa pia, wa tatu akaambiwa asubiri, na tangu hapo huyo wa tatu akawa anafanya kazi kwa kinyongo, kwani hakuelezwa ni kigezo gani kilichowaruhusu wenzake na kumzuia yeye. Yule mkimya naye aliposimamia mradi wake, taarifa iliyoandikwa na kijana mmoja wa timu ilirudi ikiwa imeandikwa upya kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho. Sipingi kwamba ilikuwa bora kuliko ile ya awali. Lakini kijana yule hakujituma tena. Akawa anapeleka rasimu za juu juu, akijua fika kwamba zitaandikwa upya hata hivyo.

Nionavyo, hakuna kati yao aliyekosa uwezo. Kila mmoja anatafuta kitu ndani ya kazi, na kitu hicho ndicho kinachompeleka pabaya. Kwa hiyo nauliza: je, utafiti unaonyesha kwamba haiba ya mtu inaweza kutabiri uongozi wake? Mahitaji ya kisaikolojia, yake na ya wale anaowaongoza, yanaingia wapi? Na mtu kama mimi, nisiye mwanasaikolojia, nitazame nini hasa kabla ya kuandika?

Mchambuzi wa Takwimu

Mleta mada, nianze na haiba, kwa kuwa ndiyo yenye takwimu nyingi zaidi.

Wanasaikolojia wengi huieleza haiba kwa sifa kuu 5: uchangamfu, umakini katika wajibu, uthabiti wa hisia, kupokea mambo mapya, na upole katika kuhusiana na wengine. Mwaka 2002 Timothy Judge na wenzake walikusanya pamoja matokeo ya tafiti zilizokuwa zimefanywa juu ya sifa hizo na uongozi, kutoka sampuli 73. Katika kipimo ambacho 0 maana yake ni kwamba mambo mawili hayahusiani kabisa, na 1 maana yake ni kwamba ukijua moja umekwisha kulijua na la pili, uchangamfu ulipata 0.31, umakini katika wajibu 0.28, uthabiti wa hisia na kupokea mambo mapya 0.24 kila kimoja, na upole 0.08 tu. Sifa zote 5 zikitazamwa kwa pamoja, uhusiano ulifika 0.48. Kiwango hicho ni kikubwa kwa masomo ya tabia za watu, lakini kikitafsiriwa kitakwimu kinaeleza chini ya robo ya tofauti iliyopo kati ya kiongozi mmoja na mwingine. Sehemu kubwa inabaki nje ya haiba.

Kuna jambo ndani ya utafiti huo ambalo naliona muhimu kuliko namba zenyewe, na linahusu swali lako moja kwa moja. Watafiti walitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: kuonekana kuwa kiongozi, na kuongoza vizuri baada ya kupewa nafasi. Walipoyatenganisha, picha ilibadilika. Umakini katika wajibu ulihusiana kwa 0.33 na kuonekana kiongozi, lakini kwa 0.16 tu na utendaji wa uongozi. Upole ulikuwa kinyume chake: karibu haukusaidia lolote katika kuibuka kiongozi, 0.05, lakini katika utendaji ulifika 0.21. Uchangamfu nao ulikuwa na nguvu zaidi katika kuibuka kuliko katika kuongoza. Wafanyakazi wanapomtaja mwenzako mchangamfu bila kusita, basi, wanakupa jibu la swali la kwanza, nawe umeulizwa la pili.

Niongeze utafiti mmoja. Mwaka 2011 Adam Grant, Francesca Gino na David Hofmann walichunguza maduka 57 ya kampuni moja ya piza nchini Marekani. Mahali ambapo wafanyakazi walisubiri kuelekezwa, maduka yenye viongozi wachangamfu yalipata faida iliyozidi kwa asilimia 16. Mahali ambapo wafanyakazi walikuwa na kawaida ya kuleta mapendekezo na kuanzisha mambo wenyewe, viongozi haohao wachangamfu walikuwa na faida pungufu kwa asilimia 14. Maelezo ya watafiti ni kwamba kiongozi aliyezoea kuwa katikati ya mazungumzo hupata shida kuyapokea mawazo ya walio chini yake. Huyaona kama yanamnyang'anya nafasi, na wenye mawazo huchoka kuyatoa. Kwa hiyo kabla ya kumlinganisha mchangamfu na mkimya, itazame timu yenyewe. Je, ni watu wanaosubiri kuambiwa, au ni watu wanaotaka kusikilizwa?

Mlezi wa Mameneja

Mchambuzi ameeleza vizuri yale yanayoonekana kwa nje. Ningependa kushuka hatua moja ndani, kwa sababu visa viwili vya mleta mada vinafanana mno na mambo aliyoyaeleza David McClelland.

McClelland alifundisha saikolojia katika Chuo Kikuu cha Harvard, akaendeleza kazi ya Henry Murray, ambaye mwaka 1938 alichapisha orodha ndefu ya mahitaji ya kisaikolojia ya binadamu. Katika orodha hiyo McClelland alichukua mahitaji matatu akayafuatilia kwa miaka mingi. La kwanza ni haja ya mafanikio, yaani hamu ya kufanya jambo kwa ubora unaozidi ule wa jana. La pili ni haja ya mahusiano, yaani hamu ya kukubalika na kudumisha urafiki. La tatu ni haja ya mamlaka, yaani hamu ya kuwa na athari juu ya watu na mwenendo wa mambo. Sote tunayo yote matatu. Tunatofautiana katika lipi hutusukuma kwanza pale ambapo hayawezi kutimizwa kwa pamoja.

Mwenzako mkimya, kwa jinsi ulivyomweleza, ana haja kubwa ya mafanikio. Watu wa namna hii hupenda kazi yenye ugumu wa wastani, ambayo matokeo yake yanaonekana haraka na wanaweza kuyahesabu kuwa ni yao. Ndio watendaji wazuri kuliko wote, na ndiyo sababu mara nyingi hupandishwa cheo. Lakini siku wanapopewa watu, kazi yao hubadilika bila wao kuambiwa. Matokeo sasa yanapitia mikono ya wengine, mikono ambayo ni mizito kuliko yao, na ile furaha ya kuona jambo limekamilika sawasawa haipatikani tena ila kwa kulichukua na kulifanya wenyewe. Taarifa iliyoandikwa upya kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho ni mtu aliyekuwa akilisha haja yake mwenyewe, na naamini alidhani kwa dhati kwamba anaisaidia timu. David Winter, aliyechambua hotuba za kuapishwa za marais wa Marekani, aligundua mwelekeo kama huo katika ngazi ya juu kabisa: marais ambao hotuba zao zilijaa lugha ya mafanikio, wakiwamo Hoover, Nixon na Carter, walihangaika sana na kazi yao, kwa kuwa siasa haimpi mtu udhibiti binafsi wa matokeo.

Mwenzako mchangamfu naye ana haja kubwa ya mahusiano. Hapa nakuomba utulie kidogo, maana hapa ndipo wengi hukosea. Tunadhani kwamba kiongozi anayetaka kupendwa atawatendea watu vyema. Mwaka 1976 McClelland na David Burnham waliandika juu ya mameneja waliowapima pamoja na wasaidizi wao, na matokeo yalikuwa kinyume na matarajio ya wengi. Wasaidizi wa mameneja wenye kutaka kupendwa waliona kwamba taratibu haziko wazi, kwamba hawana wajibu wa kujivunia, na ari yao ilikuwa chini. Sababu ni ileile uliyoishuhudia katika kisa cha ruhusa. Anayehitaji kupendwa hawezi kuuvumilia uso uliokunjamana mbele yake kwa wakati ule, kwa hiyo humpa aliye mbele yake, na gharama humwangukia asiyekuwapo. Kila mmoja ametendewa kwa huruma, mmoja mmoja, na kundi zima limetendewa isivyo haki.

Kuhusu haja ya tatu, McClelland na Richard Boyatzis walichapisha mwaka 1982 utafiti uliowafuatilia mameneja wa kampuni ya AT&T. Waliokuwa na haja ya mamlaka ya wastani au kubwa, haja ndogo zaidi ya kupendwa, na uwezo mkubwa wa kujizuia, ndio waliofika ngazi za juu baada ya miaka 8 na hata 16. Lakini jambo hilo lilionekana kwa mameneja wa kazi za kawaida tu. Kwa wale wa kazi za kiufundi halikuonekana. Kama idara yenu ni ya kitaalamu sana, usiuchukue utafiti huo kama ulivyo.

Mwalimu wa Utawala

Nawaheshimu waliotangulia, lakini naona tunakimbilia kuwapachika watu majina. Mleta mada amesimulia kisa kimoja kimoja tu kwa kila mtu, nasi tumeshaamua kwamba huyu ana haja hii na yule ana haja ile.

Mwaka 1948 Ralph Stogdill alipitia tafiti nyingi za sifa za viongozi, na hitimisho lake liliitikisa taaluma nzima: mtu hawi kiongozi kwa kuwa na mkusanyiko fulani wa sifa, kwa sababu anayeongoza vizuri katika mazingira haya anaweza kushindwa katika mazingira mengine. Fred Fiedler aliendeleza hoja hiyo katika miaka ya 1960, akaonyesha kwamba kiongozi anayetanguliza kazi hufanya vizuri pale ambapo hali ni nyepesi sana au ngumu sana, na anayetanguliza mahusiano hufanya vizuri katika hali za kati. Tafiti za baadaye zimezirudishia sifa za haiba heshima yake, hilo nalikubali, lakini onyo la Stogdill bado lina uzito.

Ndiyo maana naomba tuuhamishe mjadala kutoka kwa kiongozi kwenda kwa wanaoongozwa. Edward Deci na Richard Ryan wamejenga, kuanzia miaka ya 1970, nadharia inayosema kwamba kila binadamu ana mahitaji 3 ya msingi ya kisaikolojia: kujiona anatenda kwa hiari yake, kujiona ana umahiri unaokua, na kujiona yuko pamoja na watu wanaomjali. Tofauti yao na McClelland ni kwamba wao hawaulizi nani anayo kwa wingi. Wanasema ni ya wote, na kwamba mazingira ama huyalisha ama huyanyima. Kwa mtazamo huu, kijana aliyeandikiwa taarifa upya alinyimwa mahitaji mawili kwa mpigo: hiari katika kazi yake, na imani kwamba anaweza kukua. Aliyeambiwa asubiri bila sababu alinyimwa la tatu. Aliona wenzake wamo na yeye hayumo. Swali langu kwa mleta mada ni hili: je, wawili hawa wanaweza kujifunza kulisha mahitaji ya wengine? Hilo ni swali tofauti na la kujua wao wenyewe wana haja gani.

Mleta mada

Nawashukuru nyote. Ninayo maswali mawili ambayo yananizuia kuendelea.

La kwanza: Mlezi wa Mameneja anaelekea kusema kwamba kiongozi bora ni yule anayetaka mamlaka. Kwa kweli hilo linanitia hofu. Nimewahi kufanya kazi chini ya mtu aliyependa mamlaka, na tulikuwa tunapima uso wake asubuhi kabla ya kuamua kama tutamweleza tatizo au tutalificha hadi kesho.

La pili: kama mahitaji haya yamejificha, nitayajuaje? Nikiwauliza ana kwa ana, nani atakiri kwamba anataka kupendwa au kutawala?

Mlezi wa Mameneja

Hofu yako ni ya haki, na naomba niitenge haja hiyo katika sehemu mbili, kama McClelland mwenyewe alivyofanya. Kuna anayetaka mamlaka kwa ajili ya nafsi yake: watu wawe waaminifu kwake, sifa zirudi kwake, chumba kinyamaze akiingia. Na kuna anayetaka mamlaka kwa ajili ya taasisi: mambo yaende, taratibu ziheshimiwe, watu wajione wana nguvu zaidi baada ya kukutana naye. Wote wawili wanafurahia kuwa na athari. Kinachowatenganisha ni ule uwezo wa kujizuia niliougusia, yaani kuwa na breki juu ya hamu yako mwenyewe. Yule uliyefanya kazi chini yake, kwa maelezo yako, alikuwa na hamu bila breki.

Hata hivyo nisiipambe haja hii kupita kiasi. Mwaka 1982 Eugene Fodor na Terry Smith walivipa vikundi vya wanafunzi suala la kibiashara la kuamua, wakaona kwamba vikundi vilivyoongozwa na wenye haja kubwa ya mamlaka vilileta mezani taarifa chache zaidi na kugusia masuala ya maadili kwa uchache zaidi. Uso mnaoupima asubuhi una gharama hiyohiyo: habari muhimu hubaki vichwani mwa watu. Amy Edmondson alionyesha mwaka 1999, katika timu 51 za kampuni moja ya uzalishaji, kwamba pale ambapo watu hawaogopi kusema wamekosea au hawajaelewa, timu hujifunza zaidi na hufanya kazi vizuri zaidi. Kiongozi mwenye hamu ya mamlaka anaweza kuijenga hali hiyo, lakini lazima aijenge kwa makusudi, kwa sababu hamu yake peke yake haimpeleki huko.

Kuhusu swali la pili, umegusa jambo ambalo watafiti wamelihangaikia sana. Murray na Christiana Morgan walibuni katika miaka ya 1930 kipimo cha kumwonyesha mtu picha zisizo na maana moja, kisha kumwomba atunge hadithi juu ya kila picha. Anachokitia ndani ya hadithi huonyesha kinachomsukuma. McClelland alikitumia kipimo cha aina hiyo, na mwaka 1989 yeye na wenzake walieleza kwamba haja zinazojitokeza katika hadithi na zile ambazo mtu hujitajia mwenyewe kwenye dodoso ni vitu viwili tofauti. Zile anazojitajia hutabiri anachochagua akiulizwa. Zile za ndani hutabiri mwenendo wake wa muda mrefu, pale ambapo hakuna anayemwuliza.

Usijaribu kabisa kuwapa wenzako kipimo hicho. Kinahitaji mtaalamu, na kinahitaji ridhaa yao. Tazama badala yake mwenendo wa muda mrefu. Mtu akiwa na saa moja isiyo na kazi ya lazima, anaitumiaje? Anaporudi kutoka kwenye kikao kilichoenda vibaya, anasimulia nini kwanza: kwamba kazi haikukamilika, kwamba fulani amemkasirikia, au kwamba hakusikilizwa?

Mtumishi wa Kawaida

Mimi si mtaalamu wa saikolojia na sijawahi kuongoza timu. Naandika kama mtu ambaye ameongozwa na viongozi wa kila namna, kwa sababu naona sauti hiyo haijasikika hapa.

Kwa upande wetu tunaoongozwa, kukataliwa ombi si jambo linaloumiza sana. Namna ya kukataliwa ndiyo inayobaki moyoni. Kiongozi mmoja aliniambia: "Najua ulikuwa umeshapanga safari hii, na najua jibu langu litakuvunja moyo. Wiki hii wako watatu walioomba kabla yako, na tukipungua tena kazi ya usiku haitakuwa na mtu. Chagua wiki yoyote kati ya mbili zinazofuata, nitaiandika sasa hivi ukiwa hapa." Akafungua daftari, akaliandika jina langu nikiona. Nilitoka bila ruhusa niliyoitaka, lakini sikutoka na kinyongo.

Baadaye nilisoma kwamba Deci na wenzake walilijaribu jambo hili katika utafiti wa mwaka 1994, kwa kuwapa watu kazi ya kuchosha mbele ya kompyuta. Mambo matatu yaliwasaidia washiriki kuikubali kazi ile kama yao: kuelezwa sababu yenye maana, hisia zao kutambuliwa bila kubezwa, na kuzungumzishwa kwa lugha inayowaachia nafasi ya kuchagua badala ya kuwabana. Yote matatu yalikuwamo katika maneno machache ya kiongozi yule. Alikuwa mtu mkimya, tena sana. Uchangamfu haukuhitajika hata kidogo.

Kwa hiyo, mleta mada, naomba usimhukumu mchangamfu kwa kutoa ruhusa wala mkimya kwa kusahihisha. Uliza kama waliwahi kumweleza mtu sababu.

Mchambuzi wa Takwimu

Nakubaliana na Mtumishi, na nataka nimlinde mchangamfu kidogo, kwa kuwa mjadala umemwelemea. Takwimu nilizozitaja zinaonyesha kwamba uchangamfu bado unasaidia katika utendaji, na upole nao unasaidia. Mtu anayejua hali za familia za wenzake ameshatimiza kwa urahisi mojawapo ya yale mahitaji 3 ya Deci na Ryan, na si kila mtu anaweza kujifunza jambo hilo akiwa ukubwani. Upungufu wake ni wa utaratibu, na utaratibu unaweza kuandikwa: maombi ya ruhusa yapokelewe kwa mpangilio unaojulikana, kigezo kibandikwe mahali ambapo kila mtu anakiona, na yeye abaki na kazi ya kukieleza. Akiwa na kigezo hicho mkononi, hatalazimika kuchagua kati ya uso ulio mbele yake na haki ya asiyekuwapo.

Kwa yule mkimya hali ni ngumu zaidi kidogo, kwa maoni yangu, kwa sababu hakuna utaratibu unaoweza kumzuia mtu asiifanye upya kazi ya mwenzake usiku. Inabidi aridhike na kitu kingine. Baadhi ya watu hufaulu pale wanapoanza kuhesabu kukua kwa wasaidizi wao kuwa ndiyo kazi yao; haja yao ya mafanikio haipungui, inapata mahali pengine pa kusimama. Wengine hawafaulu, na huchoka wao pamoja na timu zao.

Mwalimu wa Utawala

Ningependa kuongeza njia moja ya kutazama, ambayo ina historia ndefu. Mwaka 1939 Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White walichapisha majaribio yao juu ya vikundi vya wavulana vilivyoongozwa kwa mitindo tofauti. Katika vikundi vilivyoongozwa kwa amri, kazi iliendelea kiongozi akiwapo, na ilianguka alipotoka chumbani. Katika vikundi vilivyoshirikishwa, kazi iliendelea karibu vilevile.

Wenzako wote wawili wamewahi kusimamia mradi. Rudi nyuma ukaulize kilichotokea siku ambazo hawakuwapo. Je, kazi ya mchangamfu ilisimama ikisubiri arudi awapatanishe watu? Je, kazi ya mkimya ilisimama kwa sababu hakuna aliyethubutu kuamua bila yeye? Majibu ya wasaidizi juu ya siku hizo yatakueleza mengi kuliko sifa watakazowapa viongozi wao, na hayatamlazimisha mtu yeyote kumsema mwenzake vibaya.

Mleta mada

Nimewaelewa, na nimeshaanza kufanya hivyo. Nimezungumza na watu wa miradi yote miwili kuhusu siku ambazo msimamizi hakuwapo. Katika mradi wa mchangamfu, watu walisaidiana vizuri, ila jambo lililohitaji kumkatalia mtu liliahirishwa hadi aliporudi. Katika mradi wa mkimya, kila mtu alifanya sehemu yake kama ilivyoandikwa, lakini hakuna aliyegusa jambo jipya.

Timu yenyewe, nikiitazama kwa jicho alilotupa Mchambuzi, ina watu wengi wenye mawazo, na najua kwamba hapo ndipo kiongozi mchangamfu anaweza kuteleza asipowekewa masharti. Sina nia ya kuwaletea wakubwa jina moja bila masharti. Nitaandika kwamba napendekeza mchangamfu, kwa sharti kwamba vigezo vya ruhusa na mgawanyo wa kazi viandikwe kabla hajaanza, kwamba vikao vyake viwe na muda maalumu ambao wengine huzungumza kwanza na yeye mwisho, na kwamba baada ya miezi 6 wasaidizi waulizwe kwa siri kama wanaelezwa sababu za maamuzi. Ninachobaki nacho ni wasiwasi juu ya mkimya. Akisikia kwamba hakuchaguliwa, naogopa atalichukua kama hukumu juu ya ubora wa kazi yake, na ubora huo ndicho kitu anachokithamini kuliko vyote.

Mlezi wa Mameneja

Basi mwambie mapema, tena uwe wewe au kiongozi anayestaafu, asije akalisikia kwenye korido. Usimwambie kwamba hafai kuongoza, kwa sababu hujui hilo. Mwambie kazi aliyoiona ninyi wengine mkiwa hamjaiona, uitaje kwa mfano halisi, kisha uwaombe wakubwa wampe nafasi ya ushauri wa kitaalamu yenye hadhi inayolingana na ya kiongozi wa timu, na tatizo gumu ambalo ni lake peke yake. Kama bado ana hamu ya kuongoza watu, aanze na msaidizi mmoja tu. Mkubaliane naye kwamba kazi ya msaidizi huyo ataitolea maoni pembeni, na kalamu ya kusahihisha ibaki mikononi mwa aliyeandika.

Na yule kijana wa taarifa asisahaulike. Kama bado yuko katika idara, kiongozi mpya, awe nani, ampe jambo la kuandika na alipokee kama lilivyo.